Kutathmini Shindano la Teknolojia Shuleni Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa walimu walezi wa klabu za sayansi, wakuu wa shule, wazazi na wafadhili wanaohusika na mashindano ambamo wanafunzi hubuni kifaa au programu ya kutatua tatizo la afya katika mazingira yao. Lengo la mashindano ya namna hii huwa ni mawili kwa pamoja: kukuza uwezo katika sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati (STEM), na kuongeza uelewa wa afya. Majibu yanahusu tathmini ya shindano lenyewe. Pale tunaposema "tuseme" au "kwa mfano" kabla ya tarakimu, tarakimu hizo ni za kuonyesha hesabu tu.

Majaji wameshachagua washindi. Tathmini ni ya nini tena?

Majaji hulinganisha miradi kwa siku moja na kuamua upi umetangulia. Tathmini huuliza jambo jingine: wanafunzi walioshiriki, wakiwemo wale ambao kifaa chao kiligoma kuwaka mbele ya meza ya majaji, wanajua nini na wanaweza kufanya nini leo ambacho hawakukiweza kabla ya shindano? Timu moja inaweza kutwaa kombe kwa sababu ina mwanafunzi mmoja ambaye baba yake ni fundi umeme, na wenzake wanne wakarudi darasani kama walivyotoka. Timu nyingine inaweza kushika mkia huku kila mwanachama wake ameelewa namna ya kusoma na kutafsiri majibu ya kipimo cha maji. Kwa majaji, timu ya kwanza ndiyo bora. Kwa mtathmini, ni ya pili.

Tupime nini hasa?

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza ngazi nne za kutathmini mafunzo, na ngazi hizo bado zinafaa kwa shule zetu: washiriki walipokeaje mafunzo, walijifunza nini, wanakitumia walichojifunza, na matumizi hayo yameleta matokeo gani. Ripoti nyingi za mashindano ya shule huishia ngazi ya kwanza. Huandika kwamba wanafunzi walifurahi, picha za tabasamu zikaambatanishwa, na mfadhili akashukuriwa. Furaha ni jambo jema, lakini mwanafunzi aliyetolewa darasani siku nzima, akapewa soda na fulana, atafurahi hata kama hakujifunza chochote.

Ushauri wetu ni kuweka nguvu kubwa katika ngazi ya pili na ya tatu, yaani kujifunza na kutumia. Ngazi ya nne, ambayo kwa upande wa afya ingekuwa kupungua kwa ugonjwa, haipimiki kwa shindano la miezi michache lenye shule chache, na ni heri kulisema hilo mapema kwenye andiko la mradi kuliko kuahidi kisichoweza kuonyeshwa.

Kwa nini mifano yenu mingi inahusu floraidi?

Kwa sababu ni tatizo la hapa, linaonekana kwa macho, na linapima uelewa wa kweli kuliko mada nyingine nyingi. Miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru na sehemu za Kilimanjaro huachia madini ya floraidi kwenye maji ya ardhini, chemchemi na baadhi ya mito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita kwa sababu ya uhaba wa vyanzo mbadala, kabla ya kushusha kiwango hicho. Athari yake inafahamika na kila mkazi wa Arumeru: meno ya rangi ya kahawia, na kwa waliokunywa maji yenye kiwango kikubwa kwa miaka mingi, mifupa na viungo vinavyouma au kupinda.

Thamani yake kwa mtathmini iko hapa. Mtoto wa Kitanzania amefundishwa tangu shule ya msingi kwamba maji salama ni maji yaliyochemshwa, na kwa vimelea vya kuhara au kipindupindu fundisho hilo ni sahihi kabisa. Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki kwenye sufuria, hivyo kiasi chake katika kila lita huongezeka kidogo. Kwa hiyo swali moja tu, "Mama Neema anachemsha maji ya kisima kwa dakika kumi kabla ya kumpa mtoto. Je, floraidi iliyomo itapungua, itabaki vilevile au itaongezeka kwa kila lita? Eleza kwa nini", humtenganisha mwanafunzi aliyeelewa na yule aliyekariri kaulimbiu. Mwanafunzi anayejibu kwamba itapungua hajakosa taarifa, bali ana taarifa sahihi anayoitumia mahali pasipofaa, na hilo ndilo kosa ambalo shindano linapaswa kulirekebisha. Tumeona madodoso ya afya yenye maswali ishirini ambayo hayana hata moja la namna hii. Yote yanauliza kama kunawa mikono ni kuzuri.

Maswali mengine ya aina hiyo yapo. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande huweza kuwa na floraidi nyingi. Je, mwanafunzi anaweza kueleza kwa nini familia inayokunywa maji mazuri bado inaweza kupata floraidi kupitia chakula? Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao Kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, wilayani Arumeru, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, hunasa floraidi hadi unapojaa, kisha huacha kunasa. Je, mwanafunzi aliyejenga chujio la mkaa huo anajua kwamba lazima ubadilishwe, na angejuaje kwamba muda umefika, ilhali maji hayabadiliki rangi wala ladha?

Basi tuhesabu wanafunzi wenye meno ya kahawia kabla na baada ya shindano?

Hapana. Rangi ile huingia wakati jino linapoundwa ndani ya fizi. Meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, hukamilisha utando wake wa nje kufikia umri wa miaka minane hivi. Mwanafunzi wa kidato cha pili meno yake yameshapata yaliyoyapata, na hakuna shindano litakaloyarudisha. Wanaoweza kunufaika ni wadogo zake nyumbani. Kwa hiyo kipimo cha matumizi kinachofaa ni kuuliza, na ikiwezekana kuona, mtoto mdogo wa nyumba hiyo anakunywa maji ya chanzo gani na chakula chake kinapikwa kwa maji gani. Swali hili lina faida nyingine: halimwaibishi mwanafunzi kwa meno yake mwenyewe, jambo ambalo katika umri huo ni jeraha kubwa, na dodoso lisilo na uangalifu hulitonesha bila sababu.

Shule yetu iko Moshi chini. Je, mada hiyo inatufaa?

Inategemea chanzo chenu cha maji, lakini huenda mkawa na mada iliyo karibu zaidi. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, na tofauti hiyo pekee hubadilisha orodha ya magonjwa. Katika maeneo ya mashamba ya mpunga wa umwagiliaji kusini mwa Moshi, mazalia ya mbu na mifereji yenye konokono wa kichocho ni mada zenye uzito kuliko floraidi. Shule zilizo karibu na barabara kuu zinaweza kuchagua kofia ngumu za bodaboda. Shule za mlimani, moshi wa kuni jikoni. Kosa la kuepuka ni kuwapa wote dodoso moja la afya lililoandikwa kwa mada moja. Tengenezeni sehemu ya pamoja, inayohusu kusoma takwimu, kubuni jaribio na kutofautisha chanzo na dalili, kisha sehemu fupi inayofuata mada ambayo shule imechagua.

Tumeletewa vifaa vya kuhesabu hatua kutoka nje. Tutumie ongezeko la hatua kama kipimo cha afya?

Kwa somo la teknolojia, kihesabu hatua ni zoezi zuri sana. Kadi ndogo kama micro:bit ina kihisi cha mwendo ndani yake, na mwanafunzi anayeandika programu ya kuhesabu hatua hukutana mara moja na swali la kihandisi: mtikisiko wa kiwango gani uhesabiwe kuwa ni hatua, na ule wa kukaa ndani ya daladala kwenye barabara ya vumbi utachujwaje? Hapo kuna mengi ya kupima kwa upande wa STEM.

Kwa upande wa afya, tahadhari inahitajika. Lengo mashuhuri la hatua 10,000 kwa siku lilienea kutokana na kihesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na halikutokana na utafiti wa kitabibu. Shirika la Afya Duniani linazungumzia dakika: wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya nguvu ya kati hadi kubwa kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 17. Mwanafunzi wa Marangu anayepanda mlima kurudi nyumbani, akachota maji na kukata majani ya ng'ombe, huenda amevuka kiwango hicho kabla ya jua kuzama. Ukimtathmini kwa ongezeko la hatua utaandika kwamba shindano halikumsaidia, kumbe hakuwa na upungufu huo tangu mwanzo. Mwenzake wa bweni mjini anaweza kuwa na hali tofauti kabisa.

Je, kupima kabla na baada ya shindano kunatosha?

Ni bora kuliko kupima mwisho peke yake, ila hakutoshi kudai kwamba shindano ndilo lililoleta mabadiliko. Kati ya Januari na Juni mwanafunzi wa kidato cha kwanza husoma Biolojia, Fizikia na Kemia kila wiki. Angepanda alama hata bila shindano. Mambo ya nje nayo huingilia. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, kwa mfano, umeleta vyanzo vipya kwenye mitaa mingi. Familia iliyobadilisha maji yake baada ya bomba jipya kufika haikubadilika kwa sababu ya bango la mwanafunzi.

Kuna pia mtego wa kihesabu ambao huwapata hata watu makini. Mkichagua shule zilizofanya vibaya zaidi kwenye kipimo cha kwanza na kuzipa shindano, nyingi zitapanda kwenye kipimo cha pili hata bila msaada wowote, kwa sababu sehemu ya matokeo yao mabaya ya mwanzo ilikuwa bahati mbaya ya siku ile: mvua, njaa, mtihani uliowahi kuanza. Tena, kama maswali ni rahisi kiasi kwamba wengi wanapata alama 90 mwanzoni, hawana pa kupanda, na mtahitimisha kwamba hawakujifunza. Jaribuni maswali kwa darasa moja lisilohusika kabla ya kuyachapisha.

Tutapataje kundi linganishi bila kuzinyima shule nyingine nafasi?

Njia yenye haki zaidi tunayoijua ni kupanga zamu. Tuseme shule kumi na mbili zimeomba, na mna vifaa vya shule sita tu. Pigeni kura ya wazi mbele ya walimu. Sita zianze muhula wa kwanza, sita zisubiri muhula wa pili. Wanafunzi wa pande zote mbili wafanye kipimo cha awali katika mwezi uleule, na kipimo cha pili mwishoni mwa muhula wa kwanza, wakati kundi la pili bado halijaanza. Tofauti kati ya ongezeko la kundi la kwanza na ongezeko la kundi linalosubiri ndiyo makadirio yenu ya mchango wa shindano. Hakuna shule iliyonyimwa, na kura imewaondolea lawama za upendeleo.

Msiwalinganishe wanachama wa klabu na wanafunzi wengine wa darasa hilohilo. Wanaojiunga na klabu ya sayansi ni wale wanaoipenda tayari, na wale wenye ruhusa ya kubaki shuleni baada ya saa tisa. Hao wangewashinda wenzao hata kama shindano lisingekuwepo.

Wanafunzi mia tatu si wengi vya kutosha?

Huenda wasitoshe, na hili huwashangaza wafadhili. Wanafunzi wa shule moja hufanana: mwalimu ni mmoja, maabara ni moja, mara nyingi hata kijiji ni kimoja. Kwa hiyo mwanafunzi wa thelathini kutoka shule hiyohiyo haongezi taarifa kama anavyoongeza wa kwanza. Wanatakwimu hulihesabu hilo kwa kanuni fupi: moja, jumlisha idadi ya wanafunzi kwa shule ukitoa mmoja, mara kiwango cha kufanana. Tuseme mna shule 10 zenye wanafunzi 30 kila moja, na kiwango cha kufanana ni 0.2, ambacho si cha ajabu katika matokeo ya masomo. Hesabu inakuwa 1 + 29 × 0.2, yaani 6.8. Gawanyeni 300 kwa 6.8 mpate takriban 44. Wanafunzi wenu mia tatu wana uzito wa wanafunzi 44 waliochaguliwa mmoja mmoja. Funzo la hesabu hii ni kwamba kuongeza shule tano zenye wanafunzi 15 kila moja kuna faida kubwa kuliko kujaza ukumbi wa shule moja.

Dodoso liandikwe kwa lugha gani?

Kwa shule za msingi za serikali, Kiswahili. Kwa sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, tunapendelea dodoso lenye lugha zote mbili kwenye ukurasa mmoja, na mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa lugha anayoitaka au hata kwa kuzichanganya. Mkitumia Kiingereza pekee kwa kidato cha kwanza, mtakuwa mnapima Kiingereza huku mkidhani mnapima sayansi.

Wanafunzi wanaweza kujipima wenyewe?

Wanaweza, ila msilitegemee sana jibu lao. Mtoto anayeulizwa na mgeni aliyekuja na gari la mradi, huku mwalimu wake amesimama mlangoni, atajibu kinachowaridhisha wakubwa. Huo ni malezi, si uongo. Mwalimu atoke nje, karatasi zisiwe na majina, na baadhi ya sentensi ziandikwe kinyume ili anayekubali kila kitu aonekane.

Zaidi ya hapo, kujipima kuna tabia ya kupanda mwanzoni na kushuka baadaye. Kabla ya shindano, mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika programu anajipa nne kati ya tano kwa ujuzi wa kompyuta, kwa kuwa anajua kufungua video. Baada ya wiki sita za kupambana na saketi na msimbo unaokataa, anajipa tatu. Takwimu zitaonyesha ameshuka, kumbe ameanza kujua ukubwa wa asichokijua. Dawa yake ni kumwomba mwishoni ajipime mara mbili: alivyo sasa, na anavyoona alivyokuwa mwanzoni. Na juu ya yote, mpeni kazi ya kufanya. Mkabidhini programu yenye kosa moja alitafute, au jedwali la vipimo vya visima vitano aseme kipi kinafaa kwa mtoto wa miaka mitatu.

Mtazamo kuhusu sayansi unapimwaje kwa watoto wasiopenda kuandika?

Kwa kuchora. Mwaka 1983 David Wade Chambers alichapisha matokeo ya zoezi lililowataka watoto, wengi wao wa Kanada na Marekani, wamchore mwanasayansi. Kati ya michoro 4,807, ni 28 tu iliyokuwa na mwanamke, na yote 28 ilichorwa na wasichana. Zoezi hilo halihitaji vifaa zaidi ya penseli, na linaweza kurudiwa baada ya shindano. Waulizeni watoto mchoro wao unamwonyesha nani na yuko wapi, kwani mtoto wa Tengeru aliyemchora mama mwenye koti jeupe huenda amemchora muuguzi wa zahanati, au huenda amemchora mtafiti aliyemwona kwenye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyo jirani.

Timu zetu zina wasichana nusu kwa nusu. Hilo halionyeshi usawa?

Linaonyesha usajili. Kaeni kwenye kona ya darasa timu zinapofanya kazi, na kila baada ya dakika tano andikeni ni mkono wa nani ulio kwenye kibodi, bisibisi au kishikwambi, na nani anapaka rangi bango. Katika timu mchanganyiko, mara nyingi mvulana hushika kifaa na msichana huandika maelezo, na siku ya maonyesho msichana ndiye anayetangulizwa kuzungumza na wageni, kwa hiyo kasoro hiyo haionekani kwa majaji. Karatasi ya uchunguzi ya ukurasa mmoja huiweka wazi. Andikeni pia nani hukosa kikao cha Jumamosi na kwa sababu gani. Kazi za nyumbani huwagusa wasichana zaidi, na ratiba peke yake inaweza kuwa chanzo cha tofauti mtakayoiona kwenye alama.

Majaji wetu wawili walikubaliana kwa asilimia 80. Alama zao zinaaminika?

Kwa kiasi. Tuseme miradi ni 40, kila jaji ameipitisha 30 na kuikataa 10, na wamekubaliana juu ya miradi 32. Hata kama wangekuwa wanatupa shilingi yenye uzito upande mmoja, wangekubaliana kwa bahati karibu asilimia 62.5. Kipimo cha kappa, alichokipendekeza Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa sehemu hiyo ya bahati: 0.8 kutoa 0.625, gawanya kwa 0.375, jibu ni takriban 0.47. Hayo ni makubaliano ya wastani, hayatoshi kutegemewa kwa uamuzi mzito. Kwa kawaida tatizo halitoki kwa majaji bali kwenye vigezo. Kigezo cha "ubunifu" kisichofafanuliwa kitaleta ugomvi daima. "Timu ilijaribu kifaa angalau mara mbili na kuonyesha kilichobadilishwa baada ya jaribio la kwanza" kinaweza kukaguliwa na yeyote.

Tunahitaji vibali gani?

Kama tathmini ni ya ndani ya shule kwa ajili ya kuboresha shindano, ruhusa ya mkuu wa shule na taarifa kwa Afisa Elimu wa halmashauri ndiyo mahali pa kuanzia. Mkikusudia kuichapisha kama utafiti, hasa wenye maswali ya afya, mtahitaji idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa, na vibali vinavyohusu utafiti kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mamlaka za serikali za mitaa. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, pamoja na kukubali kwake mwenyewe; mzazi akikubali na mtoto akakataa, mtoto asilazimishwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti, kwa hiyo lile faili lenye majina, namba za simu za wazazi na majibu kuhusu hedhi lisisambazwe kwenye kundi la WhatsApp la kamati.

Kifaa cha wanafunzi kinaweza kutumika kwa wagonjwa au kusambazwa kijijini?

Kwa maonyesho, ndiyo. Kwa matumizi, bado. Kipima joto kilichounganishwa na Arduino, kadi ndogo ya kielektroniki inayoandikiwa programu, kinaweza kukosea kwa nusu nyuzi bila mtu kujua, na programu ya simu inayouliza dalili haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha malaria. Vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Chujio la maji nalo halithibitiki kwa maji kuwa maangavu. Sampuli ya kabla na ya baada ipelekwe maabara yenye uwezo wa kupima floraidi, na ipelekwe tena baada ya wiki kadhaa za matumizi. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa eneo husika. Wanafunzi wakisimuliwa habari hiyo, wasimuliwe pia sehemu ya vipimo, ambayo haipigwi picha. Tathmini nzuri humpa alama mwanafunzi anayesema, "Chujio letu halijathibitishwa kwa sababu hatukupima baada ya mwezi."

Kipimo cha mwisho kifanyike lini?

Kifanyike mara mbili: ndani ya wiki mbili baada ya shindano, na tena baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa kuwa kinachobaki baada ya likizo ndicho kilichoeleweka. Epukeni Oktoba na Novemba, wakati wa mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne. Wanafunzi walioacha timu katikati nao watafutwe na wapimwe. Mkiwahesabu waliobaki tu, mtakuwa mnawapima wavumilivu, na wastani utapanda wenyewe kila anayeshindwa anapoondoka.

Matokeo yakiwa hafifu, tumwandikieje mfadhili?

Andikeni kama yalivyo, mkitenganisha upande wa STEM na upande wa afya, maana mara nyingi haviendi pamoja. Ni kawaida kuona ujuzi wa saketi umepanda sana na uelewa wa afya ukabaki palepale, kwa sababu wiki tano zilitumika kwenye kifaa na saa moja tu kwa mganga aliyealikwa. Hayo ni matokeo yenye manufaa: yanasema mwakani ratiba ibadilishwe vipi. Toeni pia nakala fupi ya Kiswahili kwa kikao cha wazazi, yenye majibu ya vipimo vya maji ya shule kama vilifanyika. Wazazi huliuliza hilo kabla ya jingine lolote, na wana haki ya kujibiwa kwa tarakimu: chanzo gani, tarehe gani, miligramu ngapi kwa lita.